Wembe wa Kumnyoa Moraa

Hapo zamani, kunguru alipokuwa bado na haya na jirani bado akibisha hodi, katika nchi ya milima, ndizi na wimbi, paliishi mama mmoja mjane jina lake Kwamboka. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aitwaye Moraa. Msiniulize kwa nini mmoja. Mungu alimpa huyo, mume akafa, basi. Na mtoto mwenyewe alikuwa na maneno kuliko soko. Asubuhi anaamka na swali, jioni analala na swali.

"Moraa, hebu nyamaza nipumue," mama alimwambia.

"Mama, hiyo pumzi ukishaitoa, inakwenda wapi?"

Ndivyo walivyoishi wawili hao, mmoja anauliza na mwingine anacheka.

Mwaka huo wimbi lilikubali. Kwamboka akapika pombe, akaita watu wamsaidie kuvuna, na mdogo wake Nyamweya akaja kutoka kwao. Nyamweya huyo alizijua nyimbo zote za milima ile, na vibuyu vyote vya pombe pia alivijua. Mavuno yalipokwisha, watu wakakaa uani wanakunywa, naye akamnyanyua mpwa wake, akamweka mabegani, akaanza kucheza.

"Nyamweya, mshushe mtoto," dada yake akamwambia.

"Dada, shingo hii ni kigoda cha mfalme!"

"Nimesema mshushe."

"Mjomba, usinishushe!" Moraa akapiga kelele kwa raha.

Kigoda cha mfalme kikajikwaa. Mtoto akaruka huko, kichwa kikagonga jiwe la kusagia, ko! Watu wakamkimbilia. Kisha Moraa akainuka mwenyewe, akajishika juu ya sikio la kushoto, akawatazama, akacheka. Akaomba uji. Lo, vigelegele vilivyopigwa!

Sasa hapo ndipo kosa lilipoingia, na lilikuwa kosa la watu wote. Kule milimani walikuwa na mwiko: mtoto akianguka akainuka akacheka, ni marufuku kumwuliza anaumwa wapi. Eti ukiuliza unayaita maumivu. Kwamboka swali lilikuwa mdomoni, linamwasha. Akalimeza. Akamtilia mwanawe uji, akarudi kwa wageni wake.

Ng'ambo ya ua alikuwa amesimama jirani yake, Nyaboke. Hakualikwa. Yeye na Kwamboka walikuwa hawasemezani kwa sababu ya migomba ya mpakani, nisiwachoshe na habari hiyo, migomba yenyewe ilikuwa haizai. Nyaboke alikuwa na macho ya kuchunguza mambo ya watu na mdomo wa kuyasambaza. Basi macho hayo yakamwona Moraa akiupeleka uji shavuni badala ya kinywani, ukimchuruzika kifuani. Yakamwona anapiga miayo, anakwenda kujilaza kivulini. Nyaboke akaruka ua.

"Kwamboka! Mwamshe mtoto."

"Mwache, amechoka."

"Anakoroma kama mzee. Mwamshe, nakwambia!"

Wageni wakamzomea. "Toka hapa! Mtoto amecheka, wewe unamtafutia nini?" Lakini Nyaboke alikuwa ameshapiga magoti, ameshamfunua kope. Jicho moja mboni yake ilikuwa ndogo, la pili mboni imetanuka, imelijaza jicho lote. Kwamboka akaja, akamwita mwanawe. Akamtikisa. Akamwita tena kwa jina la baba yake, kwa jina la bibi yake. Mtoto hakujibu. Mtoto yule wa maswali! Kwamboka akampakata, akawa anampuliza usoni.

Nyaboke ndiye aliyepiga ukunga wa kuomba msaada. Akaupiga kwa nguvu zake zote, na huko mlima wa pili watu wakatikisa vichwa. "Kuku wa Nyaboke wamepotea tena." Maana alikuwa na tabia hiyo: kifaranga kikikosekana, ukunga, fisi akicheka mbali huko, ukunga. Hakuna aliyeinuka.

Nyaboke akaona haji mtu. Akaweka mikono kichwani, akalia kilio cha msiba.

Aa! Hapo nyie hamjui alichokifanya. Kilio cha msiba hakikuliliwa mtu aliye hai. Ukimlilia aliye hai umemlaani, na wazee watakuja kukuzimia moto jikoni, wala hakuna wa kukupa kaa la kuuwasha. Lakini pia kilio kile hakikuwa na udhuru. Kikisikika, kila mtu mzima wa milima ile sharti aende, awe mgonjwa, awe na ugomvi. Nyaboke aliyajua yote mawili. Akalia hivyo hivyo.

Wakaja. Mlima wa kwanza ukaja, wa pili ukaja, na nyuma ya watu wote akaja mtu ambaye hakuwa ametia mguu mkutanoni kwa miaka: Mogaka, mpasuaji wa vichwa.

Mogaka alikuwa ameiacha kazi yake. Sheria ya wapasuaji ilikuwa ngumu: mgonjwa akifia mikononi mwako, unamzika mlangoni kwako, umpite kila utokapo na kila uingiapo. Naye alikuwa na kaburi moja mlangoni, la kijana aliyechelewa kuletwa. Toka siku ile hakushika kisu tena.

Alimtazama Moraa macho. Akampapasa juu ya sikio la kushoto, akasikia panabonyea.

"Huyu hajafa," akasema. "Damu imevuja ndani ya fuvu, haina pa kutokea, inamkandamiza ubongo. Ikikaa, kweli mtamlilia."

"Mfungue," Kwamboka akasema.

"Mama, naweza nikamfungua akafa."

"Na usipomfungua?"

Wazee wakamwambia, "Usithubutu. Una kaburi tayari." Mogaka akatazama upande wa kwake, kwenye lile kaburi. Kisha akasema, "Leteni maji ya moto, na mwende mkachukue vyombo vyangu. Viko darini." Akamwambia mama, "Wewe utashika kichwa. Kikisogea, basi. Unaweza?"

Nani anaweza? Nawauliza nyie wazazi, nani anaweza? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwamboka alikishika kichwa cha mwanawe katikati ya mapaja yake, akakisikia kisu kikikwangua mfupa, kwaru, kwaru, akasikia kila mkwaruzo ndani ya meno yake, na hakutikisika. Tundu likafunguka, damu nyeusi ikatoka, nzito kama uji wa jana. Ikatoka, ikatoka, ikaisha. Mogaka akasafisha, akapaka dawa, akafunga. Na Moraa akashusha pumzi ndefu. Kwamboka akalia mpaka akatapika.

Jua lilipochomoza kesho yake mtoto alifumbua macho. Milima ikafurahi! Mogaka akanywa pombe ya kwanza kwa miaka. Wazee nao, baada ya kufurahi, wakaenda kumzimia Nyaboke moto, maana sheria ni sheria.

Mnadhani hadithi imekwisha? Ngojeni kwanza.

Mtoto aliyefumbua macho hakuwa Moraa wa maswali. Mkono wa kulia ulilala tu. Mguu wa kulia uliburuta. Na kinywa kilitoa neno moja, "mm". Njaa ni "mm", kiu ni "mm", nenda kule "mm". Kwamboka akamlisha, akambeba mgongoni msichana mkubwa hivyo, akamwosha. Watu wakimwambia "Shukuru, yu hai," alishukuru. Kisha akienda kisimani peke yake alilia kwa hasira, kwa sababu alimtaka mwanawe na maneno yake yote. Na maswali yale aliyokuwa akiyanyamazisha, angempa mtu shamba zima amrudishie moja.

Nyamweya je? Kila asubuhi alikuja, na kila asubuhi dada yake alimfukuza kwa mwiko wa ugali.

"Toka! Umeniulia mtoto!"

"Dada, nipige, lakini nikae."

"Nenda kwenye pombe yako!"

Pombe alikuwa ameiacha, lakini nani angemwamini? Mwisho Kwamboka alichoka mkono, akamwacha akae uani, karibu na mtoto. Nyamweya hakuwa na ujuzi wowote duniani ila kuimba. Basi akaimba. Aliimba ule wimbo wa kufukuza ndege shambani:

*Ndege wa wimbi, shuka, shuka,*
*mwenye shamba yuko macho!*

Akauimba mpaka majirani wakakerwa. Kisha akaanza kuukata mwisho. "Mwenye shamba yuko..." Ananyamaza, anamtazama mpwa wake. "Mm," anasema Moraa. Haya, tena. "Mwenye shamba yuko..." "Mm." Mvua zikaja, zikapita, mtu na wimbo wake. Siku moja Kwamboka yumo ndani anasonga ugali, akasikia nje:

"Mwenye shamba yuko..."

"Macho!"

Mwiko ukaanguka. Kwamboka akatoka mbio, akampita mtoto, akamkumbatia ndugu yake kwanza, kisha mtoto, kisha akawakumbatia wote wawili hata wakaanguka chini. Basi ikawa hivyo. Maneno yaliyokataa kusemwa yalikubali kuimbwa, na yaliyoimbwa yakazoea, yakasemwa. Mguu nao ukafundishwa kwa ngoma. Moraa anapiga hatua, anaanguka. Anainuka, anaanguka. Analia, anamtukana mjomba wake kwa nusu ya neno, anainuka. Kwamboka akawa anampitishia Nyaboke kaa la moto juu ya ua mchana kweupe, na wazee wakajifanya wanatazama ng'ombe. Ile migomba hakuna aliyeikumbuka.

Hata siku ikafika Moraa akakimbia. Akakimbia! Alichechemea kidogo, lakini alikimbia, akasimama mbele ya mama yake anahema, akauliza, "Mama, kwa nini unalia kila nikifanya jambo zuri?" Swali! Kwamboka akapiga vigelegele vikasikika milima miwili.

Kwa desturi yao, aliyerudi kutoka mlangoni pa kifo amezaliwa upya. Nywele zake haziguswi mpaka apone. Akishapona hunyolewa kama mtoto mchanga, na amnyoaye ndiye aliyemrudisha: humpa jina jipya na huwa mzazi wake wa pili maisha yote. Wembe mmoja, mkono mmoja. Wawili hawaruhusiwi. Na anayechagua ni mama.

Watu wakajaa uani. Kwamboka akaushika wembe. Mogaka akasimama.

"Bila mimi leo mngekuwa mnapalilia kaburi," akasema. "Nilikuwa na moja mlangoni, nikakubali kuhatarisha la pili. Kilio hakitoboi mfupa, na maiti hafundishwi wimbo. Nipeni wembe."

"Mogaka, uliitwa na nani?" Nyaboke akadakia. "Ulikuwa kwako unachambua maharage! Mimi ndiye niliyeona, wakati hata mama yake hakutaka kuona." Kwamboka akainamisha uso, maana ilikuwa kweli. "Mimi ndiye niliyelia, nikijua nitazimiwa moto. Nimekula baridi, nimeitwa mchawi. Mtu asipoona, kisu kinamkata nani? Nipeni wembe."

Nyamweya akasimama mwisho. Watu wakaguna. "Hata wewe?"

"Hata mimi. Nilimwangusha, sikatai. Lakini Mogaka alituachia mtoto anayepumua, akaenda zake. Nyaboke alituletea watu, watu wakaenda zao. Huyu anayeuliza, anayekimbia, nani alimtafuta neno kwa neno? Mfinyanzi akivunja chungu, akakifinyanga upya, si kazi ya mkono wake?"

"Mchoma nyumba apewe zawadi kwa kuleta maji!" Nyaboke akafoka. Ua wote ukavurugika, huyu kwa huyu.

"Mama mwenyewe je?" mtu akapaza sauti. "Si ndiye aliyekishika kichwa?"

"Mimi ni mzazi wa kwanza," Kwamboka akasema. "Cheo hicho kinanitosha."

Ndipo Moraa akasimama. Alisema polepole, akichagua kila neno.

"Nyaboke alilia. Mzee Mogaka alikata. Mjomba aliimba. Asanteni, asanteni, asanteni. Lakini aliyekuwa anaanguka nani? Na aliyekuwa anainuka? Mguu ni wangu. Ulimi ni wangu. Na hilo jina jipya la nini? Ninalo la Moraa. Nilihangaika nalo mpaka nikaweza kulitamka, silitoi sasa. Nipe wembe, mama, nitajinyoa."

"Haiwezekani!" wazee wakapiga kelele. "Mtu hajizai mwenyewe!"

"Kwa nini?" akauliza Moraa.

Kwamboka akacheka. Akacheka na machozi yanamtoka, meno yote nje, maana mwanawe alikuwa amesimama pale anabishana na wazee wa milima miwili. Furaha ilimjaa hata wembe ukataka kumponyoka.

Mikono minne ikanyooshwa mbele yake. Wa aliyeona na kulia. Wa aliyethubutu na kukata. Wa aliyevunja na kutengeneza. Na mkono wa kulia wa mwanawe, vidole vyote vimefunguka.

Ningekuwa mimi, ningeutupa wembe kisimani nikakimbia. Kwamboka hakukimbia. Alifuta machozi, akapiga hatua, akampa mmoja wao. Wengine watatu walinuna mpaka pombe ilipoletwa. Mimi ninayemjua simtaji, na wewe pale nyuma unayetikisa kichwa, sema kwa sauti na wenzako wakusikie. Je, kati ya hao wanne, nani alistahili wembe?