Pipi Iliyovutwa kwa Pembe ya Mama Nyati

Hapo zamani za kale, kabla pipi haijavalishwa karatasi, wanyama walikaa kijiji kimoja kando ya mto, kila mmoja na nyumba yake, jiko lake, na mlango wa kubishiwa hodi. Sogeeni, wanangu. Na wewe unayelamba vidole, hiyo hiyo unayoimung'unya ndiyo ninayotaka kuwahadithia.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake ya majina. Mtoto akizaliwa, mama yake alimchagulia jina ndani, kimya kimya. Lakini halikuwa jina mpaka siku ya saba, majirani waje mlangoni waliite kwa sauti mara tatu. Na chakula kipya nacho kilikuwa hivyo hivyo. Mpishi alikipeleka uwanjani, Jumbe Tembo akaonja, mpishi akataja jina, na wote wakaliita mara tatu. Basi. Hilo ndilo jina, mpaka kwa wajukuu.

Juu ya mti mmoja alikaa Kindi na watoto wake pacha, Kulwa na Doto. Kindi alikuwa mdogo, mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa ulimi. Kitu kimoja kilimkera.

"Kilima cha Tembo! Bwawa la Kiboko! Njia ya Twiga!" alikuwa akinung'unika. "Na mimi je? Hata shimo la mti halijaitwa kwa jina langu!"

Jirani yake wa chini alikuwa Mama Nyati, mkubwa, mzito, asiyependa maneno mengi.

Mwaka uliotangulia, wakati wa masika, Mama Nyati alizaa ndama, na ndama yule akafa siku ya sita. Majirani walikuja kuzika, wakasema pole, wakaenda zao. Siku ya saba hakuna aliyekuja mlangoni, maana hapakuwa na wa kuitwa.

Wiki hiyo hiyo Kindi alijifungua pacha, na maziwa yakamkauka. Watoto walilia usiku na mchana.

Asubuhi moja akasikia sauti chini ya mti. "Hodi, jirani. Nasikia watoto wana njaa. Mimi maziwa ninayo na sina wa kumpa. Shuka na kifuu ukamue."

Kindi akashuka. Akakamua siku hiyo, na siku nyingine, na nyingine, mpaka Kulwa na Doto wakaota meno. Lakini mtu akishiba husahau upesi, wanangu. Msinicheke, hata mimi husahau.

Basi mwaka ukapita. Siku moja Kindi alikuwa akiruka tawi hili na lile, akanusa. Mmm! Akachungulia uani kwa jirani yake.

"Mama Nyati! Unapika nini wewe, mbona unanitoa udenda?"

"Maji ya miwa, jirani. Nachemsha mpaka yawe mazito, kisha nakamulia ndimu."

"Halafu?"

"Halafu naingia nayo ndani, namalizia huko. Kesho naipeleka uwanjani."

"Heee! Chakula kipya! Utakiitaje?"

Mama Nyati akakoroga kwanza. Mwiko ukazunguka mara moja, mara mbili. "Jina lipo," akasema. "Kesho utalisikia."

Asubuhi alitoka na kikapu kidogo. Ndani yake mlikuwa na vipande vyeupe vinavyong'aa kama meno ya mtoto. Akachagua viwili, akampa Kindi. "Hivi vya Kulwa na Doto."

"Asante, jirani!" Kindi akageuka nyuma ya mti. Kwa! Kwa! Akavitafuna vyote viwili yeye mwenyewe.

Lo! Utamu ulimpanda mpaka kwenye ncha ya mkia. Akawaza, "Kitu hiki wataomba watoto wote, kila siku, milele. Jina lake litakuwa kwenye kila mdomo. Kwa nini lisiwe langu?"

Akamkimbilia Mama Nyati. "Ngoja nikusindikize, jirani!"

Wakaenda wakizungumza. Walipofika penye kona, Kindi, ambaye alikuwa mbele, akaruka juu. "Mama weee! Siafu!"

"Wapi?"

"Hapo mbele! Njia nzima nyeusi! Usisogee! Wakinusa utamu huo watakupanda miguuni, tumboni, mpaka ndani ya masikio!"

Mama Nyati hakuogopa simba, lakini siafu masikioni aliwaogopa. Akarudi nyuma, du, du, du. "Sasa nitafanyaje? Wananisubiri uwanjani."

"Nipe mimi kikapu. Nitapita juu, kwenye matawi. Wewe zunguka kwa kivuko cha chini, tukutane huko huko."

"Si kizito kwako?"

"Aa, hiki?"

"Basi mkono ukichoka, pumzika. Usijiumize kwa ajili yangu."

Kindi akakwea na kikapu, pwi! pwi! pwi! tawi kwa tawi. Na chini, wanangu, hapakuwa na siafu hata mmoja.

Uwanjani Jumbe Tembo alikuwa amekaa, mkonga umelala mapajani. Karibu yake alikuwa Fisi, asiyekosa mahali penye kuonja.

"Shikamoo, Jumbe!"

"Marahaba, Kindi. Umeleta nini?"

"Chakula changu kipya. Onja mwenyewe."

Tembo akatia kimoja mdomoni. Akafumba macho. Masikio yakapepea, pa! pa! pa! "Hee! Hiki umepika wewe? Na vimikono hivyo?"

"Kwa vimikono hivi hivi, Jumbe!"

"Jina lake?"

Kindi akavuta pumzi. "Kindi!"

Na watu wote wakaita, "Kindi! Kindi! Kindi!" mpaka ndege wakaruka. Fisi akatafuna akisema, "Nimemla Kindi, na kipande chake kimenasa kwenye jino!" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Ndipo Mama Nyati akatokea, tope limemfika tumboni, anahema. Alikisikia kile kicheko, na jina alilisikia pia. Akakiona kikapu chake kitupu miguuni pa Tembo.

Kindi akamwona. Lakini uongo alikuwa ameshauandaa, tena wa aina tatu. Akasubiri tu aulizwe.

Mama Nyati akamtazama. Kisha akauliza taratibu, "Umefika salama, jirani? Siafu hawakukuuma?"

Hakuna uongo hata mmoja uliofaa kwa swali hilo. "Hawa... hawakuniuma."

"Afadhali." Akaenda akakaa nyuma ya watu wote, na tope lake.

Kindi angetamani atukanwe. Shingo ikamwaka moto, akajikuna, moto haukutoka.

Mara Tembo akagonga chini na mguu. "Vimekwisha na mimi bado nataka! Kindi, pika hapa tukuone, ili wote tujifunze. Tena unajua sheria. Anayejipa jina kwa chakula asichokijua, nyumba yake haibishiwi hodi mwaka mzima."

Mwaka mzima! Hakuna salamu, hakuna wa kucheza na Kulwa na Doto! Kindi akatunisha kifua. "Kazi ndogo hiyo, Jumbe."

Wakaleta chungu na miwa. Akachemsha, akakoroga, akakamua ndimu, maana hayo aliyajua. Akamwaga kwenye jani la mgomba. Akangoja. Ikawa nyekundunyekundu, ya kunata kama ulimbo.

"Mbona si nyeupe?" akauliza Fisi.

"Inakuja! Msiisumbue!" Akaikoroga, haikuja. Akaipiga kwa mkia. Nata! Akavuta mkia. Haukutoka. Akavuta tena, akaanguka kifudifudi na jani juu ya mgongo.

"Ha ha haaa! Jamani, Kindi kanaswa na Kindi!" akasema Fisi.

Jumbe Tembo hakucheka. Akasimama. "Kindi. Unaijua kuipika, au huijui?"

Kulwa na Doto walikuwa mbele kabisa, wameshikana mikono, wanamtazama mama yao.

Mama Nyati naye akainuka kule nyuma. Kindi akafumba macho. "Sasa anasema," akawaza. "Na aseme."

"Usimfokee, Jumbe," akasema Mama Nyati. "Amesahau kidogo tu. Watu wengi wakimtazama, mpishi husahau." Akapiga magoti mbele ya Kindi, akainamisha kichwa chini kabisa. "Tundika hapa, jirani, kwenye pembe yangu, ingali ya moto. Sasa vuta. Ikunje. Irudishe kwenye pembe. Vuta tena."

Kindi akavuta. Kila alipovuta, ile nyekundu ikafifia. Ikawa kama asali, ikawa kama maziwa, mwisho ikawa nyeupe inang'aa. Watu wakashangilia. "Ooo! Kumbe anajua! Fundi! Kindi! Kindi!"

Hila ilikuwa imefanikiwa, wanangu. Hakuna aliyemshuku. Angeweza kwenda nyumbani na jina lake.

Lakini pua yake ilikuwa karibu na pua ya Mama Nyati, na alisikia kwake harufu ile ya maziwa ya kwenye kifuu. Akanong'ona, "Mama Nyati, wewe ulitaka kuiitaje?"

"Gubiti."

"Gubiti ni nini?"

"Ni mwanangu. Yule wa siku sita. Nilifikiri nikimpikia kitu kitamu, watoto watamwita." Akasema hivyo kama mtu anayeomba radhi. "Si kitu. Vuta, jirani, isije ikapoa."

Mikono ya Kindi ikalegea. Pipi ikabaki inaning'inia kwenye pembe.

"Nyamazeni!" akalia. "Nyamazeni, msiniite! Sikuipika mimi. Hapakuwa na siafu. Nimeiba kikapu cha huyu, na huyu ndiye aliyewapa wanangu maziwa. Hata vile viwili alivyowapa leo, nimekula mimi!"

Doto akasema, "Mama?" Kindi hakuweza kumtazama. Akajifunika uso kwa mkia wake unaonata.

Kisha, bado amejifunika, akasema kwa nguvu, "Hii ni Gubiti. Gubiti ni mtoto wa Mama Nyati."

Watu wakainamisha vichwa. Wote walikwenda kuzika siku ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza jina. Fisi akatazama kucha zake. Jumbe Tembo, na ukubwa wake wote, akajaribu kujificha nyuma ya mkonga. Yeye ndiye aliyeanza, sauti inakwaruza. "Gubiti."

"Gubiti!" wakaitika. "Gubiti! Gubiti!"

Mama Nyati alikuwa bado amepiga magoti, masikio yameelekea mbele, kama mtu aliyesikia mtoto wake anakuja kutoka mbali.

Sheria ikabaki sheria. Nyumba ya Kindi isibishiwe hodi mwaka mzima. Asubuhi Kindi akawa amejikunja ndani ya shimo la mti, na watoto wamenuna, hawamsemeshi.

"Hodi, jirani."

Kindi akazidi kujikunja. Ilikuwa sauti ya Mama Nyati, sheria ikataze isikataze.

"Hodi, hodi. Nimeleta viwili vya Kulwa na Doto. Safari hii wachukue wenyewe."

Watoto wakashuka mbio. Mama yao akazunguka upande wa pili wa shina, akajificha. Na mpaka leo mkimwona kindi, mtazameni, akikutana na macho ya mtu huzunguka shina akajificha upande wa pili.

Haya, mate yenu yawe matamu. Ukimwibia aliyekutendea wema, hata akikusamehe, aibu utaibeba mwenyewe.