Mashine Zilizoanikwa Mkekani

Mbachao ni mkeka mkuukuu, umefumuka pembeni na kupauka rangi, lakini ndio uliokulaza siku zote. Msala ni ule wenye nakshi unaouona ukipita begani mwa mwenyewe. Wahenga waliwaona watu wakiutupa wa kwanza kwa kuutamani wa pili, kisha wakalala sakafuni, ndipo wakatuonya. Watoto wetu husema hayo ni maneno ya wazee. Haya, na wamsikie Khai, ambaye mbachao wake ulikuwa mkeka kwelikweli.

Mwaka 1998, mjini San Jose, mama yake Khai, Bi Nhan, alikuwa ametimiza miaka kumi na minane akichomelea bodi za kompyuta kiwandani. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Tone la risasi iliyoyeyuka lilikaa pale alipolitaka. Lakini bodi zile zilikwenda kufanya nini duniani, hakuna aliyewahi kumwambia, na jambo hilo lilimwasha kama upupu.

Khai alipoacha chuo kikuu ili aanzishe kampuni ya kuwatunzia watu picha zao kwenye mtandao, Bi Nhan alilia siku mbili. Siku ya tatu alitoa gari nje, akampisha gereji. Khai alinunua bodi za bei ya chini, nyingine zilizokataliwa na viwanda kwa sababu ya mkwaruzo tu. Hakuwa na masanduku ya kuzivika, basi alizilaza uchi juu ya mikeka ya mianzi ambayo mama yake alianikia mikate ya mchele, ile myembamba kama karatasi. Mikeka thelathini ikapangwa juu ya fremu za mbao, hewa ikipita chini yake, nyaya zikining'inia kama tambi.

Jirani yao, Bwana Silveira, mzee mgane, alichungulia mlangoni akacheka mpaka akashika kiuno. "Jirani, leo unaanika kompyuta? Zikikauka nionjeshe!"

"Subiri kwanza nizitie mchuzi wa samaki," Bi Nhan akamjibu.

Hata hivyo, naye hakuelewa. Kila akirudi kazini alisimama katikati ya mvumo wa mashine, akatazama taa ndogo za kijani zikikonyeza, akajiuliza. Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Khai, hizo picha za watu ziko wapi hasa?"

"Ndani ya diski, Mama."

"Uongo. Nimeifungua ile iliyokufa juzi, sikuona picha."

Khai aligeuka kwa mshangao. "Umeifungua?"

"Kwa bisibisi yako. Ndani mna kioo cha mviringo. Niliyemwona humo ni mimi mwenyewe, na nywele sijachana."

Khai alicheka, akavuta kigoda, akamweleza taratibu kwamba picha huandikwa juu ya kile kioo kwa alama zisizoonekana kwa jicho. Bi Nhan akatikisa kichwa, kisha akauliza swali lililomkosesha usingizi. "Na mbona hivi vitu vinakufa kila wiki kama vifaranga, lakini picha hazipotei?"

"Kwa sababu siviamini. Kila picha naiweka mara tatu, kwenye mikeka mitatu. Mmoja ukifa, iko miwili. Umesahau nani alinifundisha?"

Bi Nhan hakuwa amesahau. Walipokimbia Vietnam kwa mashua, aliandika mara tatu anwani ya kaka yake aliyekuwa Marekani, akaishonea ndani ya kola za wanawe watatu. Walipofika nchi kavu, kola mbili zilikuwa zimelowa na wino umetoka. Ya tatu, ya Khai, ilisomeka.

Basi watu wakaanza kuleta picha. Bwana Silveira alileta moja tu, ya marehemu mkewe Deolinda akicheka, amepakaa unga hadi viwikoni. Khai akaiingiza kwenye mashine zake. Majira ya baridi bomba likapasuka juu ya kabati la mzee, na ile picha yenyewe ikawa uji. Mzee alikuja na macho mekundu, akamwonyesha Bi Nhan mikeka kwa kidole. "Jirani, sasa Deolinda anaishi kwenu."

Kampuni ilishamiri kama uyoga baada ya mvua. Ikapata ofisi, wafanyakazi, na meneja aliyeitwa Whitlock. Siku alipoletwa gereji, Whitlock alisimama mlangoni hakutaka hata kuingia. "Khai, wageni wakiona hivi watadhani tunauza samaki wakavu!"

Khai alicheka pamoja naye. Bi Nhan aliyekuwa anapepeta mchele pale kando alikiona kile kicheko, kikamkaa moyoni kama mfupa kooni.

Haukupita muda mashine mpya ikanunuliwa: nyeusi, inang'aa, kubwa kama friji, ikawekwa katika chumba cha baridi ofisini. Picha zote zikanakiliwa humo. Whitlock aliapa kwamba mashine ile haifi. Khai naye akaacha kuweka nakala tatu. Ya nini, na hii inajilinda yenyewe?

"Ikifa je?" Bi Nhan akauliza.

"Haifi, Mama."

"Kila kitu nilichochomelea kiwandani kilikuwa cha kufa. Hiyo wamechomelea malaika?"

"Mama, wewe unajua risasi. Mashine niachie mimi." Khai akavaa koti. "Watu wa vyuma chakavu watakuja Alhamisi. Wape vile vitu vyote, ulirudishe gari ndani."

Alhamisi ikafika, na watu hao wakaja.

Miezi minne ikapita. Khai akapata mtoto wa kike, Diep. Siku mtoto alipotimiza mwezi, ndugu wote walijaa kwa karamu, na Khai, mwenye kamera mpya isiyotumia filamu, alimpiga picha tangu asubuhi, juu ya zile alizompiga tangu alipozaliwa. Zote akazitia kwenye mashine nyeusi, akaifuta kamera ili ipate nafasi.

Jumanne moja asubuhi Bi Nhan alikuwa jikoni, mara mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Silveira, kofia mkononi. "Jirani, kila siku namwamkia Deolinda kwenye kompyuta kabla ya kahawa. Leo hayupo. Pana mraba mweupe tu."

Kabla hajajibu, gari la Khai lilisimama nje kwa kishindo. Kijana aliingia uso umesawijika kama majivu. Kidude kimoja kisichozidi ukucha kilikuwa kimeungua ndani ya mashine isiyokufa, nayo ikaandika takataka juu ya picha zote. Nakala haikuwapo. Whitlock alikuwa hashiki simu.

"Mama," aliuliza, "vile vitu vya gereji... uliwapa?"

Bi Nhan alifuta mikono polepole. "Uliniambia niwape."

Khai alikaa chini, hapohapo sakafuni, akafunika uso. Bwana Silveira aliigeuzageuza kofia asijue aangalie wapi. Bi Nhan aliwatazama wote wawili, kisha akaenda kufungua mlango wa gereji. Mvumo ukawapokea. Taa za kijani zilikuwa zinakonyeza, na juu ya fremu, kwenye joto la mashine, mikate ya mchele ilikuwa imekauka vizuri.

"Wale watu niliwapa sambusa, wakaenda zao," alisema. "Ningetupaje mke wa watu?"

Khai aliruka akaanza kutafuta. Mkeka wa kwanza uliomhifadhi Deolinda ulikuwa umekufa. Wa pili, umekufa. Mzee akasogea karibu. Wa tatu ukaguna, ukasita, halafu kwenye kioo cha kompyuta wakaona viwiko vyenye unga, kisha mabega, kisha kicheko. Mzee akavua miwani, akafuta macho.

Kwa mikeka ile ile kampuni ilisimama tena, na leo mashine zake ni maelfu, kila picha ikiwekwa mara tatu. Lakini mikeka iliweza kurudisha ilichopewa tu. Picha za miezi mitano ya mwisho zilipotea, na mwezi wa kwanza wa Diep ukapotea nazo. Mtoto yule sasa anasoma shule. Akimwuliza babaye, "Baba, nilikuwaje nilipozaliwa?" Khai humpeleka kwa bibi yake akaelezwe kwa mdomo, naye husimama mlangoni, kichwa chini, akisikiliza.

Ewe kijana, usiache mbachao kwa msala upitao.