Mlango Uliopakwa Mafuta ya Nazi

Anayetaka maji anywe sasa, maana nikishaanza siinuki.

Katika mji wa mawe kando ya bahari palikuwa na nyumba tupu yenye mlango wa nakshi. Mwanasiti, muuza mbaazi, aliupaka mafuta ya nazi kila Ijumaa.

"Shoga, mlango utakulipa nini?" majirani walimcheka.

"Hunipa kivuli nikiuza. Nitaushukuru kwa kipi kingine?"

Adhuhuri moja zimwi likatoka baharini, likamkimbiza Mwanasiti, naye mwanawe yuko mgongoni. Nyumba ya kwanza, "Hodi!" Kimya. Ya pili, "Hodi!" Kimya. Alipofika kwenye nyumba tupu, pumzi za hodi hazikumbakia.

"Karibu, mama," ukasema mlango. Ukamwingiza, ukajifunga.

Zimwi likanguruma, "Hodi! Hodi! Hodi!"

Mlango ukanyamaza. Hodi tatu zisipojibiwa mgeni huondoka, na zimwi la pwani linajua adabu. Likarudi baharini na njaa yake.

Mwanasiti akaubusu mlango. "Nikupe nini?"

"Nipake na kule juu. Mkono wako haujawahi kufika."

Akaazima ngazi. Majirani waliomcheka ndio walioishika.

Komeo nimelitia. Laleni.