Nyati Alinda Mavi Yake

— Paukwa!
— Pakawa!
— Palikuwa na nyasi?
— Zikaliwa!
— Zilipoliwa?
— Zikatokea kwa nyuma!

Basi tuzifuate huko huko nyuma, na mwenye kinyaa azibe pua.

Mbugani palikuwa na Nyati, shingo kama gogo, tumbo kama ghala. Nyasi alisema ni zake. Maji alisema ni yake. Kivuli alisema ni chake, hata cha kunguru anayepita zake. Asubuhi moja akamwona Bi Dundu, mdudu mweusi mdogo, kichwa chini, miguu ya nyuma juu, anasukuma tonge la mavi, kiri-kiri-kiri.

"We bibi! Unalipeleka wapi hilo?"

"Nyumbani, Bwana Mkubwa. Kesho kutwa nataga. Wanangu wasipoanguliwa ndani ya tonge, hawana nyumba, hawana chakula, wanakufa."

"Limetoka kwa nani?"

"Kwako, Bwana. Tena kwa kishindo."

"Basi ni langu! Kuanzia leo, kilichotoka kwangu ni changu! Atakayegusa, namkanyaga!"

Akalikanyaga tonge. Pwata!

Bi Dundu alitaka kulia. Badala yake akapiga magoti, yote sita.

"Umesema kweli, Bwana Mkubwa. Miaka yote hii tunakuibia, tunazika mali yako ardhini! Lakini tajiri gani anaacha mali ovyo mbugani? Kaa uilinde. Ona, nzi washaanza kuonja!"

Nyati akageuka. Zzzz! Kweli wanaonja.

"Shikeni adabu, nyie!"

Bi Dundu akapita kwa madundu wote, shimo kwa shimo. "Jamani, miguu chini. Hakuna kusukuma."

Nyati akala, puu! Fungu moja, akalilinda. Akala, puu! Mafungu mawili, akayalinda. Akakimbilia huku, akakimbilia kule, na kila akikimbia, wasiwasi unamlegeza tumbo: puu! Jua linazama, anayo kumi na moja. Mtoni hathubutu kwenda, ataibiwa. Nyasi zilizofunikwa na mafungu zikawa njano, na zile za pembeni alishazimaliza.

Siku ya pili nzi wakaleta ukoo mzima. Wakamwingia puani, wakamwingia masikioni, na alipofungua kinywa kuwatukana, wakaona wamekaribishwa.

Siku ya tatu mayai ya Bi Dundu yakafika mlangoni. Tumbo limemkaza, lakini akaja mwendo wa matembezi, kama hana haraka ya lolote duniani.

"Bwana Mkubwa, mali haijambo?"

Nyati mbavu nje, macho mekundu. "Bibi," akanong'ona, "niibie."

"Toba! Mimi mwizi?"

"Niibie kidogo tu! Lile fungu la kushoto!"

"Nitakanyagwa."

"Sikanyagi!"

"Hilo nimelisikia mimi peke yangu."

Nyati akavuta pumzi, akapasua sauti mbuga nzima ikasikia: "Mavi yangu si yangu! Chukueni!"

Bi Dundu hakusogea. Akabana miguu, akabana mayai.

"Na hapa ardhi ni jiwe, tutazika wapi? Kuanzia kesho uje mwenyewe, asubuhi, kwenye udongo laini mlangoni kwangu. Na usichelewe."

"Nitakuja, mama! Nitawahi!"

Hapo madundu wakatoka, kiri-kiri-kiri, mamia kwa mamia. Bi Dundu akafinyanga tonge lake, akatumbukia nalo shimoni, akataga akiwa hata hajamaliza kukaa. Mvua iliponyesha, mavi yaliyozikwa yakalisha udongo, udongo ukalisha nyasi, nyasi zikamfika Nyati tumboni. Na mpaka leo, kila kunapokucha, yuko mlangoni pa mdudu, kwato pamoja, mkia umekaa kwa heshima.

"Hodi, mama!"

"Karibu, mwanangu. Geuka."

Basi, watoto, mmejifunza nini? Kwamba cha mtu hakiguswi, mkubwa habishiwi, na mwenye mali ailinde mpaka mwisho. Anayedhani hadithi imesema kinyume, alikuwa amelala.

Nimeiangusha hapa. Anayepita aruke, asiikanyage.