Jiwe Jeusi la Mhandeni

Hapo zamani, wakati chifu alipochaguliwa kwa mawe na karatasi ilikuwa bado haijafika, palikuwa na nchi ya milimani iliyolima kwa mfereji mmoja tu. Kijiji cha Kwefungo kilikuwa juu, Mhandeni katikati, Ndoleni chini kabisa. Maji yaligawanywa kwa zamu, na kama hujawahi kuona watu wakigombea zamu ya maji, basi wewe hujawahi kulima.

Chifu akifa, kila kijiji kilikaa kikao, kikapatana jina, kisha kikamtuma mtu mmoja kulipeleka. Mtu huyo aliitwa mbeba neno. Alipewa mawe mawili, jeupe na jeusi, akaingia peke yake katika chumba chenye chungu na kutumbukiza moja. Sasa msiniulize kwa nini alipewa mawili wakati kijiji kimeshasema moja. Wengine walisema ni desturi tu. Wengine walisema, "Sisi tumetuma mtu. Tungetaka jiwe lifike tu, tungelifunga shingoni mwa mbuzi." Ubishi huo haukuisha, na ndio ulionileta kwenu.

Mwaka huo walioshindana walikuwa wawili. Jiwe jeupe lilikuwa la Shekimweri wa Mhandeni, mzuri wa sura, mcheshi, anayependwa mpaka inachosha. Jeusi lilikuwa la Mndolwa wa Ndoleni, mtu mkimya. Kwefungo wakasema jeupe. Mhandeni wakasema jeupe. Ndoleni wakasema jeusi. Hesabu hiyo hata mtoto anaiweza: Shekimweri ni chifu, kilichobaki ni safari.

Mhandeni walimtuma Mwaliko. Walimtuma kwa sababu alikua pamoja na Shekimweri, wakachunga pamoja, wakala sahani moja. Wakasema rafiki hawezi kumwangusha rafiki. Hapo ndipo walipokosea. Hakuna aliyewahi kumuuliza Mwaliko inakuwaje kukua ubavuni mwa mtu kama yule. Shekimweri akilima, watu walisimama kumtazama. Mwaliko akilima, watu walipita. Shekimweri akisema, watu walicheka. Mwaliko akisema lilelile, watu walimuuliza, "Umesemaje?" Na la kuumiza kuliko yote, mama yake mwenyewe, Bi Namkunda, alikuwa akimpakulia chakula huku akisema, "Mwenzako Shekimweri kamjengea mama yake jiko." Mwaliko alikula kimya. Alimwonea rafiki yake wivu mpaka chakula kikakosa ladha, na hakumwambia mtu.

Wabeba neno walisafiri pamoja. Wa Ndoleni alikuwa Nakiete, mwanamke mwenye maneno. Wa Kwefungo alikuwa Semhina, mtu ambaye uongo ulimshinda tangu utotoni. Walipoketi njiani kula viazi, Nakiete akauliza.

"Kaka Semhina, nasikia Shekimweri amewaahidi nyinyi wa juu maji ya mchana wote, sisi wengine tubaki na ya usiku. Ni kweli?"

Semhina akaacha kutafuna. Kijiji chake kilikuwa kimemwonya asilitaje jambo hilo.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwepo akiahidi."

"Hata Mhandeni, kwao alikozaliwa?"

"Watu wa Mhandeni alijua watampa tu. Sisi ndio aliotuogopa."

Nakiete akamgeukia Mwaliko. "Umesikia, mdogo wangu. Watu wako wangelijua hili, wangekupa neno lilelile?"

"Dada, mimi nimetumwa nipeleke jeupe."

"Umepewa mawili." Kisha akasema lile ambalo hakuwa na haja ya kulisema. "Haya, tumbukiza jeupe. Keshokutwa mama yako atampigia vigelegele, na wewe utambebea kigoda."

Mwaliko aliinuka, akajifunga nguo yake vizuri, akatangulia.

Chungu kilipomiminwa, yalitoka jeupe moja na meusi mawili. Watu wa Mhandeni wakamvamia Semhina, wakamwita msaliti. Mwaliko angeweza kunyamaza, na hadi leo pasingekuwa na wa kumshuku.

"Mwacheni," akasema. "Ni mimi."

Shekimweri hakupiga kelele. Alimtazama tu, akamuuliza, "Nilikukosea nini, ndugu yangu?"

Basi Mndolwa akatawala. Maji yakagawanywa sawa kwa vijiji vyote, na mahindi ya Mhandeni yakakomaa vizuri kuliko miaka mingi iliyopita. Watu wa Mhandeni waliyala, na hata siri ya Shekimweri ilipojulikana, Mwaliko hawakumsalimu. Akipita, walifunga milango. Mama yake aliendelea kumpikia, ila hakumsemesha tena, hata kwa kumsifia mwenzake.

Baada ya mavuno Mndolwa akawaita wale watatu mbele ya watu. Alitaka mgawa maji, mtu wa kushika lango la mfereji. Mgawa maji husalimiwa na kila kijiji, apende asipende anayesalimu. "Nimekaa hapa kwa sababu yenu," akasema. "Kila mmoja aseme haki yake." Mwaliko alikitaka kiti kile kama mwenye kiu atakavyo maji.

Nakiete akaanza. "Kiti ni changu. Mimi ndiye niliyeuliza. Nisingeuliza, siri ingebaki siri. Huyu Semhina watu wanamwita mwaminifu, na roho inaniuma, maana uaminifu wake ulikuwa umefunga mdomo mpaka nilipoufungua."

Semhina akafuata. "Kiti ni changu. Nilisema ukweli uliomwangusha mtu wangu, kisha nikatumbukiza jeupe kama nilivyotumwa. Hapa ni mimi peke yangu niliyewatendea haki wenzangu wa njiani na walionituma nyumbani. Na sitaficha, nyinyi wawili nawaonea wivu. Mlithubutu."

Mwaliko akasema mwisho. "Kiti ni changu. Maneno yenu yote yasingejaza hata kata moja ya maji bila jiwe langu. Dada Nakiete alirudi kwao akashangiliwa. Kaka Semhina alirudi kwao akasamehewa. Mimi nimeokoa mashamba ya watu wasionijibu salamu."

Ndipo Bi Namkunda akasimama.

"Mwanangu, nina moja tu la kukuuliza. Kama Shekimweri asingegusa maji yetu, kama angekuwa hana doa lolote, ungemtumbukizia jeupe?"

Mwaliko akamtafuta Shekimweri kwa macho kati ya watu, akamwona.

"Sijui, mama," akasema.

Mndolwa aliinama, akakuna ndevu, akashindwa kuamua. Tangu siku hiyo lango la mfereji halina mwenyewe, na mimi nimetumwa kuwauliza nyinyi. Msitazamane. Yupo aliyeuliza kwa hila, yupo aliyetunza neno akijua ni baya, yupo aliyelivunja kwa wivu likaleta maji. Je, nani alistahili kushika lango?