Kichujio cha Sikudhani

Leteni masikio, na wenye simu wazizime, maana hii ya leo inaanzia kwenye skrini. Haina sungura, haina fisi, wala mfalme mwenye binti wa kuoza. Ina watu watatu hodari wa kazi, kila mmoja kwa namna yake. Mwisho wake nitawaachia ninyi, kwa sababu mimi umenishinda.

Katika mji mmoja wa bara, ambao jina lake halitawasaidia kitu, palikuwa na shirika la umeme. Mtu akipatwa na shida alipiga simu, dada wa mapokezi akaiandika taarifa yake kwenye mfumo wa kompyuta, na taarifa ikapewa namba. Kwa siku ziliingia mia nne, mia tano: mita imegoma, umeme umekatika, jirani kajiunganishia. Mia tano kwa siku, na kikosi cha mafundi wa dharura kilikuwa kimoja, chenye gari moja.

Wa kwanza katika watu wangu anaitwa Sikudhani. Kipaji chake kilikuwa kuelewa watu wanavyosema. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mtu ambaye waya umelala juu ya paa lake hasemi neno hatari. Husema bati linapiga shoti. Husema waya umelegea, unaning'inia, unatoa cheche, mbuzi wangu kafa hivi hivi. Na dada wa mapokezi, mwenye simu kumi zinamngoja, huitupa taarifa hiyo kwenye kundi la Mengineyo, pamoja na malalamiko ya mtu aliyejibiwa vibaya dirishani. Sikudhani akakaa miezi minane akiyaokota maneno hayo moja moja, mpaka akatengeneza kichujio. Mnalijua chekeche la unga: unamimina vyote, linashika unachotaka lishike. Cha Sikudhani kilishika taarifa za waya zinazoua. Akakiweka wazi kwa wote, kila mfanyakazi akaweza kukifungua na kukisoma. Ila wa kukirekebisha alikuwa yeye peke yake, maana ndivyo mfumo ulivyo: kila kichujio kina mwenyewe.

Wa pili ni Fundi Mgalula, mkuu wa kikosi, miaka thelathini juu ya nguzo. Huyu kipaji chake kilikuwa macho na moyo. Hakuwahi kumpandisha kijana nguzo ambayo yeye mwenyewe angeiogopa. Kila asubuhi aliiwasha skrini ya ukutani, akakifungua kichujio cha Sikudhani, akasoma orodha kwa sauti huku mafundi wamesimama na kofia zao. Orodha ndiyo iliyolitoa gari. Bila namba ya taarifa, mtu wa getini hafungui, na hilo halikuwa na mjadala.

Wa tatu ni Yusto, msimamizi wa mfumo, na habari zake nazijua kuliko za wengine. Yusto alipenda usafi. Alipofika pale alikuta vichujio mia sita, vingine vya watu waliokwisha kustaafu, na mfumo unajikokota hadi dada wa mapokezi anaweka simu begani akisubiri ukurasa ufunguke. Wateja walikuwa wanakata simu kabla hawajaandikwa. Yusto akaweka kanuni: kichujio ambacho mwenyewe ameondoka kazini, mwenyewe huyo atumiwe onyo, na baada ya siku thelathini kifutwe. Mfumo ukaanza kukimbia. Dada wa mapokezi walimletea maandazi, na nadhani aliyastahili.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Sikudhani alinyimwa ukuu wa dawati. Cheo kikapewa mtu aliyekuwa hajui hata kundi la Mengineyo lina nini. Akaandika barua ya kuacha kazi. Fundi Mgalula alikuwa amemwomba zamani, "Mwanangu, hicho kichujio si ungeniandikia na mimi jina langu humo, siku ukiumwa?" Naye alikuwa amemjibu, "Ya nini, baba? Mimi si nipo?" Siku ya kuondoka alikikumbuka akiwa ameshapanda basi, mfuko wake magotini. Akasema moyoni: hakuna mwingine wa kukirekebisha, watanitafuta. Watakwama, watanipigia, na hapo ndipo watakaponijua. Alikaa siku thelathini akiitazama simu, na hakuna aliyempigia.

Yusto, kwa upande wake, alifunga barua pepe ya Sikudhani jioni ile ile, kama kanuni inavyotaka. Onyo la kichujio likatumwa kwenye barua pepe hiyo hiyo aliyoifunga yeye. Halikumrudia, wala hakulifikiria. Jumatatu moja, siku thelathini zimetimia, akawa na vichujio mia mbili na kumi na vinne vya kufuta. Alivikagua kimoja kimoja hadi macho yakachoka. Cha Sikudhani alikiona. Aliona kabisa kwamba kinafunguliwa kila asubuhi. Kwa mamlaka aliyokuwa nayo, angebonyeza mara moja tu akakihamishia kwa mtu mwingine, au kwake mwenyewe. Kidole kilisita. Kisha akasema: wakikihitaji, watapiga simu. Akafuta.

Jioni ile ikanyesha mvua ya upepo, iliyong'oa mabati na kulaza nguzo.

Kichujio kikifutwa, skrini haipigi kelele. Haisemi kwamba kuna kitu kimeondolewa. Jumanne asubuhi Fundi Mgalula aliiwasha mbele ya watu wake, nayo ikaandika maneno mawili: Hakuna taarifa. Akayasoma. Mafundi wakapiga makofi. Kwa muda wa siku kumi na tisa walikuwa hawajapumzika, na wiki iliyotangulia mmoja wao, Bundala, alisinzia ngazini akining'inia kwa mkanda. Fundi Mgalula alijua, kwa miaka yake yote thelathini, kwamba baada ya mvua ya namna ile orodha haiwezi kuwa tupu. Akaitazama skrini, akamtazama Bundala na macho yake mekundu. Akasema, "Leo Mungu katuonea huruma. Kingekuwepo kitu, wangetuambia. Osheni gari, mkalale." Jumatano skrini ikaandika yale yale, na wakalala tena.

Na Jumanne hiyo hiyo, katika mtaa wa nyuma ya kiwanda cha ngozi, fundi cherehani mmoja aitwaye Kalunde alipiga simu. "Dada, bati langu linapiga shoti. Waya wenu umelilalia." Akapewa namba na ujumbe mfupi: Taarifa yako imepokelewa. Jumatano akapiga tena, akapewa namba nyingine na ujumbe ule ule. Alhamisi saa nne asubuhi alikwenda kuanua nguo za mteja, kamba ya waya imefungwa kwenye ukingo wa bati. Mtoto wake wa miezi saba alikuwa kwa bibi yake, ng'ambo ya barabara. Hilo tu ndilo lililomponya mtoto.

Ijumaa, kabla udongo haujakauka kaburini, mama yake Kalunde aliingia ofisini na simu ya marehemu mkononi. Anaitwa Bi Nyamizi. Hakupiga kelele. Aliiweka simu kwenye dirisha la mapokezi akasema, "Binti yangu aliwaambia. Nataka kujua alimwambia nani."

Dada wa mapokezi alipoingiza namba, taarifa zote mbili zikaonekana, zimekaa kwenye Mengineyo, na mbele ya kila moja imeandikwa Mpya. Akamwita Yusto aje aeleze mfumo umekosea wapi. Yusto alikuja mbio akiwa na uhakika kwamba mfumo haukukosea. Na kweli haukukosea. Baada ya dakika mbili alijua, akaomba kiti. Alitamani sana, na haya aliyasema mwenyewe, kwamba angekuta kosa la mashine.

Akakirudisha kichujio kutoka kwenye vilivyofutwa, akaandika jina lake kama mwenyewe. Skrini ya ukutani ikajaa. Taarifa thelathini na moja. Fundi Mgalula aliyekuwa kwenye benchi akainuka, akaanza kusoma kwa sauti kama kawaida yake. Alipofika mstari wa nne, wa fundi cherehani na bati lake, akaacha kusoma. Akaagiza gari litoke bila kusubiri. Yeye akabaki amesimama, kofia mkononi.

Jioni Yusto akampigia Sikudhani. Simu ililia mara moja tu ikapokelewa.

"Mmekwama," Sikudhani akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha.

"Amekufa mtu, dada Sikudhani."

Sikudhani akauliza swali moja: "Taarifa yake ilisemaje?" Yusto akamsomea. Sikudhani akasema, "Neno hilo lilikuwemo. Nililiingiza mimi mwenyewe," akaanza kulia.

Shirika likaandika barua yenye muhuri. Shirika limepokea kwa masikitiko, shirika linaungana na familia. Bi Nyamizi aliirudisha na mjumbe yule yule, na maneno haya: "Huyo Shirika simjui, hana uso. Nileteeni mtu mmoja aingie chumbani kwangu, ampakate huyu mtoto, amtazame, amwambie: ni mimi. Sitaki faini yake, sitamtukana. Lakini bila hilo tanga langu sianui. Watu watakaa mkekani hata mwaka."

Msidhani kwamba hao watatu walikimbilia kwenda. Siku ya kwanza Yusto alichapisha kanuni yake, aya kwa aya, na kweli hakuivunja hata moja. Fundi Mgalula alisema yeye husoma kilichoandikwa, haandiki. Sikudhani alisema mtu aliyeacha kazi haulizwi kazi. Wote walisema kweli, na usingizi haukuja kwa hata mmoja. Siku ya tisa, bila kuambizana, wakakutana kwenye uwanja wa nyumba ya Bi Nyamizi. Wanawake wa mkekani wakawageukia, wakawatazama.

Bi Nyamizi akatokea mlangoni, mtoto begani. Akawahesabu.

"Nilisema mmoja. Watatu ni kikao, na vikao mnavyo huko kwenu." Akarudi ndani, mlango akauacha wazi.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kila mmoja sasa alitaka kuingia yeye.

"Niacheni niingie," Yusto akasema kwa sauti ya chini. "Funguo zilikuwa kwangu. Nyote wawili hamkuwa na uwezo wa kukifuta hata mngetaka. Nilikiona kinatumika, na kidole kikasita. Nikakishinda kidole."

"Wewe ulifuta kitu usichokijua," Sikudhani akamjibu. "Mimi nilikijua. Katika shirika zima ni mimi peke yangu niliyejua kile kitu kinawakinga akina nani, na nikakiacha makusudi kiwakwamishe. Nilitaka mkwame, Yusto. Nilikuwa naombea."

Fundi Mgalula akatikisa kichwa. "Wanangu, ninyi mnashughulika na vivuli kwenye kioo. Mvua ilininyeshea mimi. Nilijua waya zimelala, nilijua kama ninavyojua jina langu. Gari lilikuwa pale limejaa mafuta, namba ya kulitoa ningeiuliza mapokezi, nami nikaamuru lioshwe."

"Uliwahurumia vijana wako, baba," Sikudhani akasema.

"Ndiyo. Na huruma hiyo nani alilipia?"

Yusto alitazama mikono yake. Hakuwahi kupakata mtoto maishani, na alijikuta anaogopa kitu cha kipuuzi, kwamba atamshika vibaya. Halafu akaogopa jambo jingine lililo zito zaidi: kwamba anataka kuingia ili atoke akiwa mwepesi, na wale wawili wabaki na mzigo wao uwanjani hadi kufa. Maana atakayeingia atakuwa amesema. Wawili watakaobaki hawataulizwa tena na mtu yeyote, na tanga litaanuliwa.

Kutoka ndani Bi Nyamizi akaita, "Nawasikia mnagombea. Kalunde alipopiga simu mara mbili, hamkugombea hivi."

Basi, wasikilizaji wangu, mimi nimefika hapo na sina pa kuendelea. Wa kusema kwamba waingie wote, mama ameshakataa. Wa kusema kwamba kosa ni la mfumo, nyamaza, au nenda wewe ukamweleze mtoto mfumo ni nini. Na wa kusema kwamba msimamizi ndiye mwenye mamlaka yote, nikuulize: mwenye ujuzi aliyenyamaza ana nini, na mwenye macho aliyejizuia kuona ana nini? Ukimtoa mmoja kati yao, hata yupi, Kalunde yupo leo kwenye cherehani yake.

Mtoto ameanza kulia mle ndani. Mlango uko wazi, na mkeka umejaa watu wanaosubiri kwenda makwao. Semeni ninyi: nani aingie?