Nyamvula na Zimwi la Kutwisha

Wenye masikio wasogee, wenye usingizi wawapishe.

Nyamvula alikuwa mkulima, akipeleka nyanya sokoni kwa kichwa, kata ya kitambaa chini, tenga juu. Tenga likijaa, mtu hajitwiki peke yake, lazima atwishwe. Zimwi moja la njiani, lenye uchawi wa kuzidisha uzito wa mizigo, lilijua hilo.

Alipofika mtoni, tenga likawa zito kama jiwe, akatua. Zimwi likatoka kichakani.

"Nikutwishe, mama? Ujira wangu nyanya za juu."

Angefanyaje? Akatwishwa, zimwi likakumbatia nyanya zake, likamfuata. Bondeni tenga likazidi uzito. Akatua, akatwishwa, zimwi likachota tena. Kilimani akatua mara ya tatu. Tenga lilibaki nusu, na mikono ya zimwi imejaa hadi kidevuni.

"Baba, nimeshindwa," akasema Nyamvula. "Chukua zote. Lakini utazibebaje mikononi? Zirudishe tengani, nikutwishe."

Uroho ukaliinamisha zimwi. Nyamvula akalitwisha, akashika njia yake.

"We mama! Kwangu naishi peke yangu, nani atanitua? Nikilitupa zitapasuka!"

"Aliyekutwisha ndiye atakayekutua," akajibu bila kugeuka. "Nami natua sokoni."

Likamfuata, shingo imekakamaa. Sokoni Nyamvula akalitua, akachagua nyanya mbili zilizopondeka, akaliwekea kiganjani. "Ujira wako, baba."

Hata leo, ukikutana na zimwi hilo njiani, kabla ya kugusa tenga lako litauliza kwa adabu: "Mama, unatua wapi?"

Mimi natua hapa.